Kikapu Kisichoweza Kuvuka Bahari

Sifa zote ni za Mungu, aliyenipa pumzi ya asubuhi ya leo na mikono ambayo bado inashika kalamu. Yeye ndiye aliyetupa kabla hatujajua kuomba, na kama kuna asante yoyote tunayoijua, tulijifunza kwa kupokea kutoka kwake.

Baada ya kumtukuza yeye, nataka kusimulia jinsi nilivyojifunza kushukuru kwa Kiingereza katika uzee wangu. Mimi ni mkulima wa majani chai upande wa Itumbe. Nimefundisha somo la Sabato kanisani kwetu tangu nikiwa msichana, na Biblia naisoma kwa Ekegusii, lugha yetu, na kwa Kiswahili. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, na hata hicho cha darasa la sita nilikiacha huko huko.

Binti yetu wa mwisho anaishi ng'ambo, katika nchi ya baridi, na mume wake huendesha lori la masafa marefu. Mwaka juzi alijifungua kabla ya wakati, kwa kupasuliwa. Mtoto alikuwa mdogo kama mkate, na mama mwenyewe alikatazwa kuinua kitu chochote. Mume alikaa naye siku chache, kisha kazi ikamwita barabarani.

Kwetu, binti akijifungua, mama yake hufunga safari. Hubeba unga wa wimbi wa uji, hubeba chinsaga, ile mboga chungu tunayompikia mzazi ili apate damu na maziwa, kisha hukaa huko mpaka binti aweze kuchota maji mwenyewe. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifanyia, na hivyo ndivyo nilivyowafanyia mabinti wengine watatu. Kwa huyu nilinyimwa viza. Nilirudi nyumbani na mkoba wangu wa karatasi, nikauweka juu ya kabati, nikapiga magoti. Sikuwa na la kufanya ila kumwomba Mungu amtume mtu.

Akamtuma. Mkabala na mlango wa binti yangu aliishi mama mzee, mjane, mwenye umri kunizidi na magoti mabovu kunizidi. Alisikia mtoto analia, akabisha hodi. Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi kwa miezi miwili. Alipika supu, akaosha chupa za mtoto, akambeba na kumwimbia huku binti yangu amelala. Hakuomba kitu, wala hakuwa ndugu yetu. Hata mahali tunapotoka hakupajua.

Mtoto alipoanza kunenepa, binti yangu alinipigia simu ile ya kuonana nyuso, akasema, "Mama, huyu hapa. Msalimie." Nikamwona yule bibi kwenye kioo cha simu: nywele nyeupe fupi, sweta ya kijani, mjukuu wangu mapajani. Nikamsalimia kwa heshima. Nikamuuliza, binti yangu akitafsiri, kama mvua imenyesha kwao. Nikamuuliza habari za ng'ombe wake, akacheka, akasema hana ng'ombe. Nikauliza habari za watoto wake. Kisha nikainamisha kichwa, nikanyamaza, tukaagana.

Nililala nimeridhika, maana kwa malezi niliyolelewa nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Kwetu, mtu akikutendea jambo kubwa hutakiwi kumshukuru kwa mdomo pale pale. Asante ya haraka ni kama kumwambia tumemalizana, kila mtu aende zake. Unamsalimu, unamuuliza hali, unarudi nyumbani. Siku nyingine unajaza kikapu, unafunga safari, na ukifika unatoa vitu kimoja kimoja mbele yake. Hapo ndipo mdomo hufunguliwa. Mimi nilikuwa nimemtembelea yule bibi mikono mitupu, kwenye simu. Ningeanzaje kutaja shukrani?

Siku ya pili binti yangu alipiga tena, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Mama, kwani una kinyongo na huyu bibi?"

"Kinyongo gani? Nimlipe kinyongo mtu aliyekulelea mtoto?"

"Aliniuliza kama kuna kitu alikosea. Anasema ulimtazama, ukamuuliza mambo ya mvua, halafu ukanyamaza. Anadhani hukupenda mgeni ambebe mjukuu wako."

Nilikaa kwenye kitanda. Nilijaribu kumweleza habari ya kikapu, naye akasema, "Mama, mimi najua. Yeye hajui. Huku mtu asiposema asante, ina maana hana asante."

"Basi mwambie wewe."

"Nimemwambia mara mia. Anangoja kusikia kwako." Kisha akaongeza, "Na kuna jambo lingine. Mwisho wa mwezi anahama. Mwanawe anamchukua, anamweka kwenye nyumba ya wazee, mji wa mbali. Masikio yake yanazidi kuziba. Sidhani nitaweza kukuunganisha naye kwa simu tena."

Nilihesabu Jumapili zilizobaki. Zilikuwa nne.

Usiku ule sikumwomba Mungu mengi. Nilimwambia tu kwamba mwanamke alifanya kazi yangu, na sasa anahama akiamini nilimchukia. Asubuhi nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Kikapu hakiwezi kuvuka bahari, basi nitajifunza maneno.

Katika ukumbi wa kanisa letu, Jumapili alasiri, kuna mwalimu wa kike anayefundisha watu wazima Kiingereza. Siku za kazi hufundisha shule ya msingi upande wa Kenyenya. Umri wake ni wa binti zangu, na ana subira ya mtu aliyelea mapacha. Jumapili ya kwanza tulikuwa wanafunzi sita. Wawili ndio niliowazoea: mama mchuna chai, jirani yangu, anayejiandaa kumtembelea mwanawe aliye ng'ambo, na mzee mchongaji wa mawe laini ambaye amewauzia wageni sanamu za viboko na vikombe tangu ujana wake. Huyo mzee Kiingereza chake chote kilikuwa sentensi moja: "Thank you, come again." Aliitumia kwa kila jambo. Mwalimu alipomwomba afunge kipindi kwa sala, baada ya amina akaongeza, "Thank you, come again," tukashindwa kuinua vichwa kwa kicheko.

Nilimweleza mwalimu shida yangu mbele ya wote. Akafuta ubao, akasema, "Basi leo tutashukuru tu."

Akaandika kuanzia asante ndogo hadi kubwa. Thanks, alisema, ni ya mtu aliyekusogezea chumvi, au rafiki uliyemzoea. Thank you ni ya kila mtu na kila mahali, huwezi kukosea nayo. Thank you very much ni ya aliyejisumbua kwa ajili yako. I really appreciate it ni kumwambia mtu kwamba umeona thamani ya alichokifanya. I am so grateful ni ya moyo, na hiyo husemwa polepole.

Kisha akaandika You shouldn't have, akaeleza kwamba mtu akikuletea zawadi unaweza kumwambia hivyo, yaani hukupaswa kujisumbua.

Mama mchuna chai akainuka kabisa. "Mwalimu, ngoja. Mtu amebeba kuku kutoka kwao, amepanda mlima, amefika kwangu anatoka jasho, halafu nimwambie hakupaswa?"

"Ni adabu tu, mama. Wanamaanisha amefanya zaidi ya kiasi."

"Mimi nikiambiwa hivyo narudi na kuku wangu."

"Na mimi nakungoja njiani," akasema mzee mchongaji, "nikwambie thank you, come again."

Sentensi ya mwisho ubaoni ilikuwa I can't thank you enough. Mwalimu alisema maana yake ni kwamba hata nikikushukuru namna gani, haitatosha. Hiyo niliikataa moyoni. Niliona ni aibu kumwambia mtu umeshindwa. Kama umeshindwa, rudi nyumbani ukaongeze kwenye kikapu. Nilipokuwa nashuka kwenda nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba kila Sabato mimi husimama mbele za Mungu na kumwambia neno hilo hilo, kwamba sina la kumlipa, na sijawahi kuona aibu. Nikaiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Jumapili ya pili mwalimu aliniweka nimsemeshe kana kwamba yeye ndiye yule bibi. Nikasimama, nikamsalimia, nikamuuliza kama mvua imenyesha.

"Mama," akasema, "tafadhali anza na asante. Mvua itafuata."

"Lakini nitaanzaje bila kumuuliza hali?"

"Yeye anangoja neno moja. Mpe hilo kwanza, ndipo atakusikia mengine." Kisha akanipa kitu kilichonisaidia kuliko vyote. "Na usimpe thank you tupu. Mtajie alichofanya. Thank you for, halafu kitu chenyewe. Alipika? Sema alipika. Aliosha? Sema aliosha. Ataona ulikuwa unatazama."

Nilirudi nyumbani nikifanya mazoezi kwa mume wangu, maana hapakuwa na mwingine. Asubuhi alinimiminia chai, nami nikamtazama usoni nikasema, "Thank you for the tea."

Akaweka birika chini. "Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Nakushukuru."

"Mong'ina," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nywele zangu zibadilike, "tumeoana miaka zaidi ya hamsini. Kama kuna habari mbaya, niambie nikiwa nimekaa."

Lakini sikuacha. Nilimshukuru kwa kuni, nikamshukuru kwa kufunga ng'ombe, nikamshukuru kwa kunitafutia miwani yangu ambayo ilikuwa kichwani kwangu. Siku ya tano nilimshukuru kwa Kiingereza kwa kufunga mlango uliokuwa unapigwa na upepo, naye bila kugeuka akajibu, "You're welcome." Kumbe alikuwa amemuuliza mwalimu kanisani, kimya kimya. Nikaona jambo ambalo sikulitarajia: mzee wangu, ambaye hajawahi kupenda maneno mengi, alikuwa anatafuta kazi ndogo ndogo za kufanya karibu nami.

Jumapili ya mwisho ilifika. Binti yangu alisema tuongee saa kumi jioni kwetu, ambayo kwao ni asubuhi. Nilivaa nguo yangu ya kanisani. Tangu mapema nilikuwa nimejaza kikapu: unga wa wimbi niliousaga juzi yake, mkungu mdogo wa ndizi, chinsaga niliyoichuma na umande wake, na kuku jike mwekundu, amefungwa miguu.

Mume wangu alinitazama nikikipanga mezani kando ya simu. "Hicho utakipitisha wapi? Kwenye waya?"

"Simu haina waya, mzee."

"Ndiyo maana nauliza."

"Siwezi kumshukuru mtu mikono mitupu. Hata kama hakifiki, mimi nitajua kiko hapa."

Hakunibishia tena. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari ili isianguke, akaenda kukaa nje mlangoni.

Yule bibi alitokea na sweta ile ile ya kijani. Nyuma yake niliona maboksi yamepangwa hadi dirishani. Binti yangu alikuwa amekaa karibu naye, mtoto amelala begani. Bibi alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu anayejilinda. Binti yangu akasema, "Mama, sema kwa nguvu, hasikii vizuri."

Nilifungua mdomo, na kila kitu kikaondoka. Majuma matatu ya daftari yalipeperuka kama makapi. Nilitafuta miwani, nikaivaa, nikafungua ukurasa, na herufi zikawa zinacheza. Nikanyamaza. Kilikuwa kimya kile kile cha mara ya kwanza, nami nikamwona yule bibi anaanza kushusha macho, na mkono wake unasogea kwenye mkono wa binti yangu, kana kwamba anataka kusema inatosha, tumwache mama wa watu.

Sijui niseme nilifanya nini, maana sikupanga. Mkono wangu ulikwenda kwenye kikapu wenyewe, kwa mazoea. Nikatoa unga wa wimbi, nikauinua mbele ya simu kwa mikono miwili, kama ninavyoutoa kwa mtu aliyekaa mbele yangu. Na mikono ilipokuwa na kitu, mdomo ukafunguka.

"Thank you," nikasema kwa nguvu zote. "Thank you for the soup."

Akainua macho. Nikauweka unga mezani, nikatoa ndizi. "Thank you for washing the bottles." Nikatoa chinsaga. "Thank you for the song. You sing to my baby." Kisha nikamshika kuku. Hapo sikuwa na sentensi niliyoifundishwa, nikajenga yangu kwa vipande nilivyokuwa navyo. "This work, my work. The work of mother. I am far. You did my work."

Kuku akapiga kelele na kunitoka mkononi, akaangukia kwenye unga, na unga ukaruka hadi kwenye simu. Kule ng'ambo nilisikia kicheko. Nilipofuta kioo kwa upindo wa nguo yangu ya kanisani, yule bibi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mkono umefunika mdomo. Nikamaliza kabla maneno hayajanikimbia tena: "I can't thank you enough."

Alisema maneno mengi ambayo sikuyashika yote. Binti yangu alitafsiri. "Anasema alidhani umemkasirikia. Anasema amebeba jambo hilo mwezi mzima."

"Mwambie habari ya kikapu," nikamwambia. "Mwambie kwetu asante husubiri kikapu. Siku ile nilikuwa sijakijaza."

Binti yangu alimweleza, akimsemea karibu na sikio. Bibi alisikiliza kichwa kimeinama, akauliza kitu, akaambiwa, akauliza tena. Kisha akauliza, kikapu chote hicho nani atakila?

Nilikuwa sijalifikiria hilo, lakini jibu lilikuja. Chini ya shamba letu, karibu na mto, anaishi mjane wa umri wake, peke yake. Nikamwambia nitampelekea mjane huyo kesho asubuhi, kwa jina la bibi wa sweta ya kijani. Alitikisa kichwa kukubali mara nyingi, kama mtu anayepokea.

Halafu, kabla hatujaagana, akasogea hadi uso wake ukajaza kioo chote, na akasema polepole, neno moja moja, ili nimwelewe bila mkalimani. Nilimwelewa. Aliniuliza kama mvua imenyesha kwetu.

Nilimwambia ndiyo, imenyesha jana, na chai inachipua vizuri. Nikamuuliza na kwao. Akasema kwao ni theluji, lakini inaanza kuyeyuka. Tukaendelea hivyo kwa dakika kadhaa, wanawake wawili wazee, tukiulizana habari za mvua na magoti, nami sikuwa na hofu tena ya kunyamaza.

Nilipotoka nje nilimkuta mume wangu amekaa pale pale. "Mlima mzima umesikia habari ya supu," akasema. Ni kweli. Sabato iliyofuata mzee mchongaji alinisalimia mlangoni pa kanisa kwa "Thank you for the soup," ikawa sentensi yake ya pili.

Asubuhi ya Jumatatu nilikishusha kikapu kwa yule mjane wa karibu na mto. Unga ulikuwa umepungua kidogo na kuku alikuwa na hasira, lakini nilivitoa kimoja kimoja, nikamweleza vimetoka kwa nani. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Simjui huyo mtu. Lakini mwambie mbuya mono," ambayo ndiyo asante yetu kubwa. Baada ya siku tatu alinirudishia kikapu, na kwa desturi yetu hakikurudi kitupu: alikuwa ametia parachichi sita, akaniagiza nimpelekee yule bibi. Nilimwuliza nitazifikishaje. Akasema hilo ni shauri langu, yeye amekwisha kutoa.

Tulizila mimi na mzee wangu, tukamwombea bibi kwa kila moja. Amekwisha kuhama. Binti yangu humwandikia barua, naye wakati mwingine hujibu kwa mwandiko unaopanda na kushuka. Katika ya mwisho aliuliza kama chai yetu bado inapata mvua. Darasani bado naenda. Nimejifunza mambo ya sokoni na ya hospitalini, lakini ukurasa ule wa kwanza wa daftari ndio nausoma mara kwa mara, na kila ninapousoma naona jambo jingine ambalo mtu alinitendea zamani nami sikumtajia. Wengine bado wako hai. Nimeanza kuwaendea.

Wewe unayesoma, Mungu wa rehema akupe mtu wa kubisha hodi siku utakapolia peke yako. Akuwekee mdomoni neno la kumshukuru angali karibu, na mkononi kitu cha kumpa. Mvua yako inyeshe kwa wakati wake, na kikapu unachokitoa leo kikurudie kimejaa. Amina.